Zimwi Aliyejenga Kijiji

Paukwa!

“Pakawa!”

Pakawa gani hiyo? Mmekula muhogo wote ule, halafu mnaniitikia kama watu wanaoumwa meno. Paukwa!

“Pakawa!”

Haya, afadhali. Makame, toa miguu kwenye jivu. Riziki, sogea huku moshi usikupate, ukianza kukohoa utaniharibia hadithi. Mimi bibi yenu Kidawa nitaisema mara moja tu, atakayelala shauri yake.

Zamani hizo, mimi sijazaliwa, na wala msianze kunihesabia miaka, palikuwa na kijiji kikiitwa Mlindoni. Wakati huo vitu vilikuwa vinasema. Mlango ulisema, mtungi ulisema, kinu kilisema. Lakini havikuwa na maneno mengi. Kitu kilisema jambo kinalolijua, basi, kikanyamaza. Si kama watu.

Hapo Mlindoni palikuwa na mama mmoja, msuka mikeka, jina lake Mwanakombo. Mume alishakufa. Alikuwa na binti mmoja tu, Mashavu. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, na chungu kimoja, na kuku mmoja mwenye hasira.

Na porini, ng’ambo ya bonde, alikaa Zimwi. Zimwi huyu alikuwa anakula watu.

“Wangapi?”

Makame, sikuwepo. Alikuwa anakula watu, lakini alikuwa na sharti. Taya zake zilikuwa hazifungiki juu ya mtu mpaka mtu huyo aseme kwa mdomo wake mwenyewe, “Nimefika nyumbani.” Kabla hujasema, unaweza kumtia mkono kinywani mpaka kwenye kiwiko, anabaki ameachama tu, mate yanamtoka.

“Nani alimwekea sharti hilo, Bibi?”

Sijui. Hata yeye alikuwa hajui. Alizaliwa nalo. Watoto wote wa Mlindoni walikuwa wanalijua, na mama zao waliwaambia: ukipotea, neno hilo usilitoe mpaka uwe na hakika pale ni kwenu.

Basi siku moja Mashavu akaenda bondeni na wenzake kukata ukindu, yale majani ya kusukia mikeka. Ukungu ukashuka. Wenzake wakashikana mikono wakarudi. Mashavu alikuwa ameona jani moja zuri, mbele kidogo. Akalikata. Akaona jingine zuri zaidi, mbele kidogo. Mnaijua habari ya mbele kidogo. Alipoinua kichwa, haoni mtu, haoni njia, haoni hata hilo bonde lenyewe. Akaita, hakuna aliyemjibu. Akakaa chini akalia, maana alikuwa mtoto na alikuwa anamtaka mama yake.

Zimwi akasikia kilio. Akafurahi sana. Akasema, “Mtoto wa watu anataka kwao. Mimi nitampa kwao.”

Sasa, Zimwi alishawahi kukiona kijiji cha Mlindoni, lakini kwa mbali, kutoka juu ya kilima. Na kutoka juu ya kilima kijiji ni mapaa. Kwa hiyo akaanza na mapaa. Akapuliza kiganjani, fuu! Mapaa yakasimama hewani. Akapuliza, fuu! Kuta zikaja zikaingia chini ya mapaa. Akapuliza, fuu! Watu. Kisha yeye mwenyewe akajigeuza Mwanakombo, sura ile ile, sauti ile ile, leso ile ile, akasimama mlangoni akaimba:

*Mashavu we, Mashavu,*
*njoo ndani, njoo ule,*
*sema tu umefika.*

Mashavu akasikia, akakurupuka, akakimbia. Ukungu ukafunguka, akakiona kijiji. Nyumba zimejipanga mstari. Kisima kirefu. Ng’ombe wanene mpaka hawawezi kutembea. Uwanja safi, hata kinyesi cha kuku hakuna. Na mama yake yule pale mlangoni anatabasamu.

“Mama!” akasema. Akafika mlangoni, akafungua mdomo. “Nime—”

“Asiseme!”

Riziki, hakusikii. Alifungua mdomo, na huku mkono wake ukaenda ukutani. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Maana Mlindoni mtoto akizaliwa, ukuta wa kando ya mlango unakandikwa udongo mbichi, na mguu wa yule mtoto unabonyezwa pale. Ukikua, ukizeeka, kila ukiingia ndani unagusa kile kimguu chako. Ukimuuliza mtu wa Mlindoni kwa nini unagusa, anakwambia, “Nimegusa nini?” Hajijui kama kagusa.

Mashavu akapapasa ukuta. Ukuta laini, hauna kitu. Akapapasa juu, akapapasa chini. Hauna kitu.

“Mama,” akasema, “mguu wangu uko wapi?”

Zimwi akatazama chini. “Si huo hapo,” akasema. “Na mwenzake ule.”

Mashavu akarudi nyuma hatua. Akaugeukia mlango. “Ewe mlango, jana ulifunguliwa na nani?”

Mlango ukafikiri. Ukafikiri sana, maskini, ulikuwa mlango mwaminifu. Mwisho ukauliza, “Jana ni nini?”

Loo! Mashavu akafumba mdomo wake akaubana kwa mikono miwili. Zimwi akaona hila imevunjika, akaachama, kinywa kama tanuri. Taya zikagoma. Akasukuma taya ya chini kwa mkono, ikagoma. Kijiji kikawa ukungu, mapaa yakaondoka mwisho, na Mashavu akabaki porini peke yake, na njaa.

Zimwi hakukata tamaa. Akanyemelea mpaka ukingoni mwa mashamba ya Mlindoni, akajificha kwenye migomba, akachungulia. Akaona kweli, ukutani kuna kimguu. Akaona na mwanamke mmoja amefunga fundo kwenye pindo la kanga yake. Akasema, “Kumbe wanapenda madoido! Mbona rahisi.”

“Lile fundo lilikuwa la nini, Bibi?”

Mwanamke wa Mlindoni akiahidi jambo, anafunga fundo kwenye kanga asije akasahau. Akitimiza, anafungua. Wapo waliokufa na fundo, na watoto wao wakahangaika kulifungua. Lakini Zimwi hakuuliza. Zimwi aliona tu, akaondoka.

Akapuliza, fuu! Kijiji cha pili. Safari hii hakufanya ubahili. Akaweka vimguu kando ya kila mlango, akaweka na nyuma ya nyumba, akaweka kwenye kisima, akaweka juu ya paa, akamwekea na ng’ombe mmoja ubavuni. Kila mwanamke akamfunga mafundo katika pembe zote za kanga. Mbuzi nao akawafunga mafundo kwenye masikio. Akatazama kazi yake, akaona imependeza. Akaimba:

*Mashavu we, Mashavu,*
*njoo ndani, njoo ule,*
*sema tu umefika.*

Mashavu akaja. Sasa haji mbio, anaburuta miguu, tumbo limeshikana na mgongo. Akaona kijiji, akaona mama. Akaupeleka mkono ukutani. Vimguu tele. Akatafuta chake. Vyote vya kushoto, na vyote sawasawa, kama vimetoka kwenye kibao kimoja cha kutengenezea vileja.

“Mama,” akasema, “hili fundo umeahidi nini?”

“Lipi?” akasema Zimwi.

“Hilo hapo.”

“Aa, hilo. Hilo zuri. Na hili zuri. Tazama, ninalo na huku nyuma.”

Mashavu akamgeukia jirani aliyesimama karibu. “Na wewe, mama mkubwa, umemwahidi nani?”

Jirani akatazama mafundo yake kama ndiyo kwanza anayaona. “Mimi nimejikuta hivi hivi,” akasema.

Mashavu akaingiza kichwa ndani akauuliza mtungi, “Ewe mtungi, maji yako aliyateka nani kisimani, na wewe alikutua nani?” Mtungi ukasema, “Maji ninayo. Aliyenitua sina.”

Basi Mashavu akafumba mdomo. Zimwi akaachama. Taya zikagoma. Kijiji kikawa ukungu, akabaki yule ng’ombe wa kimguu, akatembea kidogo, naye akatoweka.

“Lakini Bibi, huyu Zimwi mbona mjinga?”

Si mjinga, Makame. Mjinga angekwenda kulala. Huyu alikuwa na njaa, na mwenye njaa anajifunza upesi kuliko wewe na kitabu chako.

Alichofanya ni hiki. Akajigeuza mbuzi jike mzee, akaingia Mlindoni mchana kweupe, akakaa uani kwa Mwanakombo. Akapigwa mawe na watoto, akavumilia. Yule kuku mwenye hasira akamdonoa, akavumilia. Akajifunza. Akajua kimguu cha Mashavu ni cha kulia, kidole cha mwisho kimepinda. Akajua mlango wa Mwanakombo unalia kwa chini, si kwa juu. Akajua Mwanakombo anakohoa kidogo kabla hajasema jambo, na kwamba mkeka wa kulalia unakunjwa kuanzia miguuni. Akajua fundo ni ahadi. Akajua karibu kila kitu na sababu yake.

Akaona na jambo moja la ajabu. Jikoni kwa Mwanakombo kulikuwa na mafiga mawili. Chungu kimekaa upande, na Mwanakombo amekishika ukingo kwa mkono mmoja, kitambaa kimefungwa kiganjani, mkono wa pili anakoroga. Anashika hivyo mpaka chakula kiive. Asubuhi hivyo, jioni hivyo.

Zimwi akatikisa kichwa chake cha mbuzi. Akasema moyoni, “Mama wa watu, fundi wa mikeka, kijiji kizima kinamheshimu, hana hata figa la tatu. Aibu gani hii. Hapa nitamrekebishia.”

“Bibi, kwa nini mafiga yalikuwa mawili?”

Tulia.

Zimwi akarudi porini, akapuliza taratibu. Fuu. Alipuliza siku nzima. Akaufundisha mlango jana yote, na juzi, na siku Mashavu alipojifunza kutambaa. Akamfundisha kuku hasira. Halafu akajigeuza Mwanakombo, akakohoa kidogo, akaimba:

*Mashavu we, Mashavu,*
*njoo ndani, njoo ule,*
*sema tu umefika.*

Mashavu akaja. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Hakukimbia na hakuita. Akaupeleka mkono ukutani, akakuta kimguu kimoja, cha kulia. Akaingiza kidole palepale penye kidole kilichopinda. Kikaenea.

Akausukuma mlango, ukalia kwa chini. “Ewe mlango, jana ulifunguliwa na nani?”

“Na mama yako,” ukasema mlango. “Alitoka, akaita jina lako, akarudi ndani.”

Mashavu akaanza kulia. Akaliona fundo kwenye kanga ya mama, moja tu. “Mama, umeahidi nini?”

Mama akakohoa kidogo. “Nimeahidi sitalala kitandani mpaka urudi.”

Wallahi, hapo Mashavu aliamini. Hata mimi ningeamini. Akaingia ndani, akakaa jikoni karibu na moto. Chungu kinachemka. Mama amekaa mbele yake, mikono yote miwili mapajani, anamtazama kwa mapenzi. Mashavu akafungua mdomo. “Nimefika—” akasema, na macho yake yakaanguka jikoni.

Mafiga matatu. Chungu kimetulia tuli.

“Lakini Bibi, si mafiga ni matatu siku zote!”

Kwetu ni matatu siku zote. Mlindoni, mtu wa nyumba akipotea, figa moja linatolewa jikoni, linapelekwa njia panda. Chungu kinabaki na mawili. Kinalala upande, na aliyebaki nyumbani anakishika kwa mkono wake, kila mlo, mpaka yule arudi. Mkono unaungua, anashika. Anasinzia, anashika. Majirani wakija kumwambia pumzika, anawapa kiti wakae, naye anashika. Wanafanya hivyo ili aliyepotea asije akarudi siku moja akakuta chungu kimetulia bila yeye. Na lile figa halirudishwi na mtu mwingine yeyote. Analirudisha mwenyewe.

Mashavu akalimeza lile neno lililobaki.

“Mama,” akasema, “mimi nilipotea?”

“Ulipotea, mwanangu.”

“Ulinililia?”

“Mno.”

“Nionyeshe mikono.”

Zimwi akageuza viganja. Viganja laini, vizuri, havina alama, maana alipokuwa anamtengeneza Mwanakombo alimrekebishia na hapo pia.

Mashavu akasimama. Alikuwa anaogopa, msije mkadhani alikuwa shujaa. Akasema, “Hapa kila kitu kipo. Hapa hata mimi sikosekani.”

Kuta zikaondoka, na mapaa yakaondoka. Zimwi akabaki Zimwi, na nywele zake na kucha zake, ameachama, taya zimegoma kwa mara ya tatu. Akazisukuma, akaziacha. Akakaa chini. Alikuwa amechoka. Kujenga kijiji si kazi ndogo, waulizeni mafundi.

“Nimekosea wapi?” akauliza. “Sikuli, nakuuliza tu. Kimguu nimeweka. Mlango umejibu. Kuku umemwona.”

Mashavu akasema, “Nipeleke mpaka njia panda ya Mlindoni. Tukifika nitakwambia.”

“Akakubali?”

Akakubali, Riziki. Njia anaijua, alishaizoea kwa kwenda kuchungulia. Na jambo limemkera kuliko njaa. Wakaongozana, Zimwi mbele, mtoto nyuma kwa mbali. Wakafika njia panda, na pale kando ya njia palikuwa na jiwe, upande mmoja jeusi kwa masizi.

“Ni hili,” akasema Mashavu.

Zimwi akalitazama. “Hilo? Hilo si nililirekebisha? Jiko lilikuwa bovu, nimeliweka sawa!”

“Ndiyo,” akasema Mashavu.

“Sasa nimekosea wapi?”

“Hapohapo.”

Zimwi akaondoka anajikuna kichwa. Wanasema alipofika kwake alitoa figa moja jikoni, akalitupa nje, akashika chungu kwa mkono, akakaa anangoja aone kitakachotokea. Hakikutokea kitu. Hakuwa na mtu aliyetoka akachelewa kurudi. Aliungua mkono tu, basi.

“Maskini.”

Maskini kitu gani? Alikuwa anataka kumla mwenziwe! Wewe Riziki moyo wako utakuponza. Nyamaza nimalize.

Mashavu akainama akalikumbatia lile figa. Lilikuwa zito, naye hana nguvu, hajala. Akaliinua, likamponyoka likamtia jeraha ugokoni, akaliinua tena. Akaingia nalo kijijini. Watu wakamwona. Wanawake waliokuwa wanatwanga wakaweka michi chini. Mwanamume mmoja akanyoosha mikono kumpokea, mkewe akamshika kanzu akamvuta nyuma. Wakampisha njia, wakasimama huku na huku, wengine wanajifuta macho kwa pindo, na mtoto akapita katikati yao na jiwe lake, anahema.

Mwanakombo alikuwa jikoni, mgongo ameupa mlango. Alikuwa amekonda. Mkono umeshika chungu, na mkono wote unatikisika kuanzia begani. Akasikia kishindo cha miguu, akageuka, akamwona mtoto wake.

Hakuinuka.

“Kwa nini, Bibi?”

Angeinukaje, Makame? Akiachia, chungu kinamwagika, na kile kilikuwa chakula cha mtoto. Alikaa palepale, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. Mwisho akasema neno moja.

“Weka.”

Mashavu akapiga magoti. Akalisukuma figa kwa mikono miwili, majivu yakamrukia usoni, akalisukuma mpaka likagusa chungu. Chungu kikainuka kidogo, kikakaa.

Ndipo Mwanakombo akakiachia, akamshika yeye.

Basi wajukuu zangu, mafunzo ya hadithi ni haya. Ukiingia nyumba ya watu ukakuta kitu kimekaa upande, usikimbilie kukiweka sawa. Uliza kwanza anangojwa nani.

Hadithi yangu mwisho wake ni huo. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aiache palepale nilipoikuta.